Dereva wa Teksi Naye Ana Haki ya Kupumzika

Maandishi ya mazungumzo kwa madereva wa teksi, wenye magari, wahudumu wa hoteli na wakazi wa Kitale na Bungoma



Mgeni anayeshuka basi la usiku mjini Kitale alfajiri hapokelewi na afisa wa utalii. Anapokelewa na dereva wa teksi. Dereva ndiye anayemwonyesha hoteli, ndiye anayemweleza njia ya Endebess kama imekauka au ina matope, na ndiye anayempeleka hadi lango la Chorlim kuingia Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Akifika Bungoma mambo ni yale yale. Anayetaka kuona maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia kule Webuye, au kupanda kilima cha Chetambe ambako Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895, ataanzia kwa dereva.

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu huyo. Anafanya kazi saa ngapi? Analipwa nini? Akiumia nani anamtibu? Na sheria zilizopo zinamlinda vipi yeye pamoja na abiria aliyembeba? Watu wengi wakisikia neno sheria za teksi hufikiria polisi wa trafiki, kizuizi barabarani na faini. Hayo yapo. Lakini ndani ya sheria hizo hizo kuna kinga ya dereva ambayo wengi hawajawahi kusomewa.

Kazi yenyewe ilivyo

Eneo hili lina vivutio ambavyo haviko karibu na mji. Hifadhi ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1968. Ndani yake mna mapango kama Kitum na Makingeny, na tembo huingia Kitum usiku kulamba na kuchimba chumvi kwenye kuta za mwamba. Hifadhi ya Saiwa, upande wa barabara ya Kapenguria, ilitangazwa mwaka 1974 na ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini. Hapo mgeni hutembea kwa miguu juu ya njia za mbao akimtafuta nzohe, yule swala wa kwenye kinamasi ambaye wengi humwita sitatunga. Gari halizunguki ndani. Dereva hubaki nje akisubiri.

Kusubiri huko ndiko sehemu kubwa ya kazi ya teksi ya utalii, na ndiko kusikolipwa vizuri. Chukua siku moja ya kawaida. Dereva yuko stejini saa kumi na moja alfajiri kungoja mabasi ya Nairobi. Saa moja asubuhi anapata wageni wa Mlima Elgon. Anawafikisha langoni, anawangoja waende pangoni na kurudi, na saa tisa mchana yuko tena Kitale. Hapo amebaki na jioni nzima ya kubeba wanaotoka sokoni, wanaokwenda hospitalini na wanaorudi makwao usiku. Anazima injini saa nne usiku. Amekuwa kazini saa kumi na saba.

Kuna misimu inayozidi hiyo. Desemba watu hurudi nyumbani kwa wingi. Na mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara ya Wabukusu huwarudisha watu Bungoma na Trans Nzoia kutoka kila pembe ya nchi. Sherehe hukesha, na magari nayo hukesha. Kwa dereva, huo ndio wakati wa mavuno. Pia ndio wakati ambapo mtu aliyeamka tangu jana anashika usukani akiwa na familia ya watu watano nyuma yake.

Sheria inasema nini kuhusu saa

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 66A, inasema hakuna mtu atakayeendesha gari la abiria au la biashara kwa jumla ya zaidi ya saa 8 katika kipindi chochote cha saa 24. Teksi ni gari la abiria. Kwa hivyo kikomo hicho kinaihusu teksi kama kinavyolihusu basi la Nairobi.

Sikilizeni vizuri: sheria inahesabu saa za kuendesha. Saa za kukaa chini ya mti pale langoni hazimo katika hizo 8. Dereva wa mfano wetu anaweza kusema hajavunja kifungu hicho, na huenda akawa sahihi. Lakini mwili hauhesabu hivyo. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri na akangoja juani hadi mchana amechoka, awe ameendesha au hajaendesha. Kikomo cha saa 8 ni kiwango cha chini cha usalama, si ruhusa ya kukaa kazini siku nzima na nusu ya usiku.

Sasa ulizeni: kwa nini dereva haendi kulala? Jibu liko katika neno moja ambalo kila mtu wa steji analijua. Hesabu.

Hesabu ya jioni

Madereva wengi wa teksi hawamiliki gari wanaloendesha. Wanapewa gari asubuhi na jioni wanampelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana. Kiasi hicho hakibadiliki siku ikiwa mbaya. Mvua ikinyesha, wageni wakikosa, trafiki wakishika gari saa tatu, hesabu iko pale pale.

Chukua mfano wa tarakimu tu, kwani kila steji ina zake. Hesabu ni shilingi 2,000. Mafuta ni 2,500. Kuosha gari, maegesho na mchango wa steji ni 300. Jumla ni 4,800. Ikiwa safari ya Mlima Elgon imelipwa 4,000, dereva anarudi mjini saa tisa mchana akiwa bado na deni la 800. Hajapata hata senti ya unga wa nyumbani kwake. Baada ya saa kumi kazini, anaanza kutafuta riziki yake.

Hapa ndipo hatari ya barabarani inapozaliwa. Dereva huyo atakimbia. Atabeba abiria wa tano na wa sita kwenye gari la watu wanne. Atakubali safari ya usiku ya kwenda Kapsokwony hata kama macho yanafumba. Polisi akimkamata, atalipa faini, na faini hiyo itaongezwa kwenye deni la jioni. Kumlaumu kwamba ni mkaidi ni rahisi. Lakini mpango wa kazi ulioandikwa hivyo hauna nafasi ya mtu mwangalifu kupata chakula.

Mwenye gari naye ana hoja yake, na ni haki isikilizwe. Amenunua gari kwa mkopo wa benki au wa sacco, na mkopo haungoji wageni. Analipa bima, ukaguzi na vipuri. Barabara ya matope inavunja gari lake. Wengine ni walimu au wauguzi waliostaafu walioweka pensheni yao yote kwenye gari moja. Hao si matajiri, na wakikosa hesabu ya wiki moja wanaumia.

Lakini tazameni jambo hili. Uber ilianza kazi Nairobi mwaka 2015, na kampuni nyingine za teksi za simu zikafuata. Madereva walilalamika miaka mingi, wakagoma, wakisema kamisheni inawamaliza. Mwaka 2022 zikatoka kanuni za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, yaani NTSA, kuhusu kampuni za aina hiyo. Kanuni hizo ziliweka kikomo: kampuni isichukue zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Katika nauli ya 1,000, mwisho wake ni shilingi 180.

Ni kweli kwamba vitu hivi viwili havilingani, kwa sababu kampuni ya simu haileti gari na mwenye gari analileta. Hata hivyo, funzo lipo. Nchi imekwisha kukubali kwamba anayeishi kwa jasho la dereva anaweza kuwekewa kikomo. Kwa hesabu ya jioni ya Kitale na Bungoma, hakuna kikomo cha namna hiyo. Kuna makubaliano ya mdomo tu, na katika makubaliano ya mdomo mwenye nguvu ndiye anayekumbukwa alisema nini.

Karatasi moja ya makubaliano

Je, dereva wa hesabu ni mwajiriwa? Si kila mara, na wala jibu haliamuliwi na jina ambalo watu wamelipa kazi hiyo. Mzozo ukifika mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kinachotazamwa ni hali halisi: nani anapanga saa, nani anaamua gari liende wapi, nani anaweza kumwachisha mwenzake kazi.

Ikiwa dereva ni mwajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mambo ambayo hayahitaji kuombwa kama hisani. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Kuna siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kuna likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kwa kila miezi 12. Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka 2007 pia, inamtaka mwajiri awe na bima ya watu wake. Juu ya hayo yote, Katiba, Ibara ya 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, na kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama.

Hata pale ambapo dereva si mwajiriwa, karatasi moja inaondoa ugomvi mwingi. Iandikwe kwa Kiswahili rahisi, isainiwe na pande mbili, kila mmoja abaki na nakala. Iseme mambo haya: hesabu ni kiasi gani; siku ya mvua au gari kuharibika inahesabiwaje; siku ya mapumziko ni ipi; faini ya kosa la dereva analipa nani, na faini ya gari bovu analipa nani; dereva akiumia kazini anatibiwa na nani.

Steji zinazotaka kupunguza uchovu zina njia mbili za kujaribu. Ya kwanza ni hesabu ya wiki badala ya hesabu ya siku, ili Jumamosi njema ifidie Jumanne mbaya na dereva apate siku ya kulala. Ya pili ni kugawana: mafuta yakitolewa, kinachobaki kinagawanywa kwa sehemu walizokubaliana. Hapo mwenye gari na dereva wanafurahi pamoja na kuumia pamoja. Njia hii inahitaji uaminifu na daftari la safari, lakini malipo mengi siku hizi yanapita kwenye M-Pesa, kwa hivyo kumbukumbu ipo.

Na kuna jambo la dereva wa kushikilia, yule anayeitwa skwodi. Kumpa mwenzako gari ili ukapumzike ni jambo jema. Kumpa mtu ambaye mwenye gari hamjui, asiye na leseni inayofaa, ni kuwatia watu wote hatarini. Majina ya wanaoruhusiwa kushika usukani yaandikwe kwenye ile karatasi.

Karatasi za gari zinamlinda nani

Dereva wa teksi anatakiwa awe na leseni yenye kibali cha gari la abiria, pamoja na cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Gari nalo liwe limekaguliwa, liwe na leseni ya huduma barabarani kutoka NTSA, na liwe na bima ya kubeba abiria kwa malipo.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo inayoumiza zaidi. Gari lenye bima ya matumizi ya kibinafsi likibeba abiria kwa malipo, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea. Majeruhi atabaki na bili ya hospitali. Dereva na mwenye gari wanaweza kushtakiwa wao wenyewe, na shamba la familia likauzwa kulipa fidia. Tofauti ya bei kati ya bima hizi mbili huonekana kubwa siku ya kulipa. Siku ya ajali huonekana ndogo sana.

Kwa hivyo abiria asione haya kuuliza. Mhudumu wa hoteli anayempigia mgeni simu ya teksi naye aulize, kwani jina la hoteli linakwenda pamoja na gari hilo. Wanaotaka kumwongoza mgeni kama kazi, si kumpeleka tu, wajue kwamba waelekezi wa watalii wana leseni yao chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Dereva mwenye leseni hiyo anauza kazi mbili kwa wakati mmoja, na ana sababu ya kutoza zaidi.

Bei, kusubiri na mgeni

Malalamiko ya wageni mara nyingi ni ya bei. Malalamiko ya madereva ni ya kusubirishwa. Yote mawili yanatibiwa na maneno machache kabla gari halijaondoka. Nauli ni ya kwenda tu au kwenda na kurudi? Saa ngapi za kusubiri zimo ndani yake, na saa ya ziada ni kiasi gani? Nani analipia gari langoni? Ada za hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, na gari lina ada yake, kwa hivyo swali hili lisiachwe hadi mbele ya askari wa KWS.

Dereva amkumbushe mgeni pia kwamba saa za hifadhi ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na kwamba ndani mwendo hauzidi kilomita 40 kwa saa. Mgeni aliyechelewa pangoni asimlazimishe dereva kukimbiza gari ili kuwahi lango.

Bei ya mgeni isipande kwa sababu ya rangi yake au lafudhi yake. Mgeni aliyepunjwa mara moja hatalalamika kwa dereva. Atawaambia wenzake wasije. Steji ikibandika bei za safari zinazojulikana, yaani Endebess, Chorlim, Saiwa, Webuye, Kapsokwony, inamlinda mgeni na inamlinda dereva dhidi ya mwenzake anayeshusha bei hadi hasara.

Afya ya dereva

Dereva hulipa bima ya gari na kusahau mwili wake. Bima ya Afya ya Jamii inayosimamiwa na SHA, iliyoanza Oktoba 2024, humtoza kila kaya asilimia 2.75 ya mapato yake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Waliojiajiri hulipa kwa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa dereva wa hesabu kiasi hicho ni kizito kukitoa siku moja, lakini ni rahisi kikiwekwa kidogo kidogo. Chama cha steji kinaweza kuweka mfuko wa kusaidiana kwa ajili hiyo. NSSF nayo hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri. Dereva aliyefanya kazi miaka 30 asizeeke mikono mitupu.

Nani anashughulikia nini

Wananchi wengi hupeleka malalamiko mahali pasipo mamlaka, kisha huona wamepuuzwa. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi hivi. Serikali ya kaunti inashughulikia barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, na utalii wa eneo. Kwa hivyo habari ya steji isiyo na choo, kivuli, maji wala taa ni ya kaunti. Ada ya maegesho ni ya kaunti. Leseni ya dereva na ya gari ni ya NTSA. Usalama barabarani na makosa ya jinai ni ya polisi. Ndani ya lango la hifadhi ya taifa ni KWS. Mzozo wa mshahara na mkataba hupelekwa kwa afisa wa kazi wa serikali ya kitaifa.

Ada za kaunti hazitoki hewani. Huwekwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ambayo bunge la kaunti linatakiwa kuipitisha ndani ya siku 90 baada ya kupitishwa kwa sheria ya matumizi ya fedha. Kabla ya hapo wananchi wana haki ya kushirikishwa. Vikao hivyo hujaa wafanyabiashara wa soko, na viti vya madereva mara nyingi huwa vitupu kwa sababu siku ya kikao nayo ni siku ya hesabu. Steji ichague watu wawili, iwafidie siku yao, na iwatume na maandishi: ada tunayolipa ni hii, huduma tunayopata ni hii, tunaomba hivi. Ombi lililoandikwa huingia katika kumbukumbu za bunge. Manung'uniko ya stejini huishia stejini.

Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zinapakana, na teksi huvuka mpaka kila siku bila kuuona. Gari linalotoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye limebeba abiria wa kaunti mbili. Madereva wa pande zote mbili wakikaa pamoja na kukubaliana mahali pa kushusha na pa kupakia, ugomvi mwingi wa steji utakwisha kabla haujafika kituo cha polisi.

Mabibi na mabwana, mlima hauhami na mapango hayahami. Wageni watakuja. Swali ni nani atawapokea: mtu aliyelala usiku, mwenye bima na anayejua atapata nini mwisho wa siku, au mtu anayefukuzana na hesabu akiwa amefumba jicho moja. Mwenye gari anayempa dereva wake siku moja ya kupumzika kwa wiki analinda gari lake, abiria wake na mtoto wa mwenzake. Aanze wiki hii.